Barua ya Wazi: Tovuti ya Umma Lamu Iwafae Pia Wasioona na Viziwi

Kwa Wakuu wa Ofisi Inayosimamia Tovuti ya Huduma na Taarifa kwa Wakazi,
Lamu.

Waheshimiwa,

KUH: KUREKEBISHWA KWA TOVUTI YENU ILI WATU WENYE ULEMAVU WAWEZE KUITUMIA KAMA SHERIA INAVYOTAKA

Nawaandikia kwa heshima mnayostahiki. Mimi ni mkazi wa mtaa wa Langoni hapa mjini Lamu, mwanamke asiyeona, na riziki yangu ni kuandika na kuhariri hati za Kiswahili kwa kompyuta inayonisomea kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Jina la ofisi yenu nimeliacha nje ya barua hii kwa makusudi, kwa sababu ninachotaka ni tovuti irekebishwe, si mtu aaibike. Wenyewe mnajijua, na barua zangu za awali mnazo kwenye faili, zikiwa na mhuri wenu wa kupokelewa. Niliandika, nikapiga simu, nikaja mwenyewe hadi mapokezi nikishikwa mkono na mpwa wangu, na kila mara nilijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Halikushughulikiwa, na wanaoumia si mimi peke yangu, kwa hiyo nimeona tuzungumze hadharani.

Tovuti mpya ilipozinduliwa tulielezwa kuwa sasa mkazi hatalazimika kuja ofisini: atatazama video za maelezo, atasikiliza matangazo, atafungua ramani ya miradi na kujaza fomu akiwa kwake. Sisi wenye ulemavu ndio tuliofurahi zaidi. Mtu wa Kizingitini au Kiunga akitaka kufika ofisi iliyoko Mokowe au Lamu mjini hupanga safari kwa kufuata maji na upepo, hulipa nauli ya boti, na mara nyingine hulala njiani. Anayetumia kiti cha magurudumu hubebwa na watu kuingizwa chomboni na hubebwa tena kushushwa, mbele za watu, jambo ambalo wengi huamua ni afadhali kulikosa pamoja na huduma yenyewe. Kwa mtu kama huyo, tovuti iliyotengenezwa vizuri ni nafuu kubwa kuliko ilivyo kwa mzima mwenye afisi yake hatua chache kutoka gatini. Lakini mliyotujengea ni sawa na gati la fedha nyingi ambalo ngazi yake imekoma juu ya maji: abiria mwenye nguvu ataruka, na aliyejengewa hasa atabaki chomboni.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Video inayoanza yenyewe. Ukurasa wa mbele ukifunguka, papo hapo huanza video yenye muziki wa taarabu kwa sauti ya juu. Taarabu naipenda, na aliyeuchagua wimbo huo ana sikio zuri. Tatizo ni kwamba programu inayonisomea skrini nayo huzungumza kupitia spika ile ile na kwa wakati ule ule, hivyo sauti mbili hugongana na mimi sisikii hata moja. Aonaye hutazama alipo kitufe cha kusimamisha video, akakibonyeza, basi. Mimi ili nikipate kitufe hicho sharti nikisikie kikitajwa, na siwezi kukisikia kwa sababu ya muziki ninaotaka kuuzima. Mpwa wangu aliponizimia, nilikuta pia kwamba vitufe vya video hiyo havina majina: programu hunitajia "kitufe, kitufe, kitufe", bila kunieleza kipi cha kucheza, kipi cha kupunguza sauti na kipi cha kurudisha nyuma. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayotolewa na shirika la W3C linaloweka kanuni za mtandao, inasema wazi kuwa sauti inayojianzisha na kuendelea kwa zaidi ya sekunde 3 lazima iwe na namna ya kuizima au kuipunguza bila kugusa sauti nyingine za kifaa. Dawa iliyo bora zaidi haina hata gharama: video isianze mpaka mtu aianzishe. Wenye kununua bando la siku pia watawashukuru.

2. Video zisizo na maandishi wala lugha ya ishara. Tangazo la msaada wa karo mlilitoa kwa video peke yake. Afisa anaonekana akizungumza kwa ukakamavu, na hakuna neno lolote lililoandikwa chini yake, wala mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya pembeni. Kijana mmoja kiziwi wa mtaa wa jirani aliitazama video hiyo akaona midomo ikicheza na vidole vikiinuliwa kuhesabu mambo asiyoyajua. Tarehe ya mwisho ilitajwa mdomoni tu, naye alikuja kuambiwa ilipokwisha kupita. Hapa naomba jambo moja lieleweke, kwa sababu hata wanaotutakia mema hulichanganya: maandishi chini ya video na ukalimani wa ishara havichukuani nafasi. Aliyepoteza usikivu ukubwani husoma maandishi bila shida; aliyezaliwa kiziwi na kulelewa kwa lugha ya ishara, Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili, na huenda aya ndefu ikampita. Video ya tangazo muhimu inahitaji vyote viwili. Maandishi yanayotungwa na mashine yanaweza kuwa rasimu, lakini lazima mtu aketi ayasahihishe kabla hayajachapishwa, hasa majina ya mahali, tarehe na kiasi cha fedha.

Video hizo hizo hutunyima na sisi tusioona, kwa njia nyingine. Mwishoni mwa tangazo lile afisa anasema, "Kwa maelezo zaidi piga nambari inayoonekana hapo chini," kisha muziki unapigwa mpaka video inakwisha. Nambari hiyo hakuitamka. Inaonekana, naamini, ila kwangu hakuna "hapo chini". Kanuni hutaka mambo muhimu yanayoonekana tu kwenye picha yaelezwe pia kwa sauti, na kwa video fupi kama hii jambo hilo halihitaji studio wala mtaalamu: msemaji aisome nambari kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine.

3. Hati zilizopigwa picha. Makadirio ya bajeti, orodha za miradi na matangazo ya vikao vya ushirikishaji wa umma huwekwa kama karatasi zilizochapishwa, zikapigwa mhuri, zikaskaniwa. Kwa macho ni hati. Kwa programu ya kusoma skrini ni picha, na programu husema ukurasa hauna maandishi. Zipo programu za kugeuza picha kuwa maandishi, nami ninazo, lakini mbele ya jedwali la bajeti lililoskaniwa likiwa limepinda hutoa tarakimu zilizovurugika, na tarakimu iliyovurugika katika bajeti ni mbaya kuliko kukosa kabisa. Hati hiyo kabla ya kuchapishwa ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu humo ofisini, ikiwa maandishi safi. Mnachoombwa ni kuiweka hiyo, pamoja na ile yenye mhuri ikiwa lazima.

Msilione hili kuwa dogo. Lamu tunajua uzito wa wananchi kutopewa taarifa kwa njia wanayoweza kuielewa: mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa hapa kwetu, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Siwezi kutoa maoni kuhusu bajeti ambayo kompyuta yangu inaniambia ni ukurasa mtupu.

4. Fomu. Visanduku vya kujazia havikuunganishwa na majina yake, kwa hiyo nasikia "andika hapa" bila kujua kama ni jina, nambari ya kitambulisho au jina la baba. Ukikawia, ukurasa unajifunga na yote uliyojaza yanapotea, na sisi tunaosikiliza au tunaoandika kwa kidole kimoja hatuna budi kukawia. Mwisho kabisa kuna fumbo la kuthibitisha kuwa wewe si mashine: chagua picha zote zenye taa za kuongoza magari. Sioni, na kwa hiyo siwezi. Lakini hata wenye macho mngewahurumia, maana mtoto aliyekulia katika vichochoro vya mji huu, ambako msongamano wa barabarani ni wa punda, anatakiwa athibitishe ubinadamu wake kwa kutambua kitu kisichokuwepo mjini kwao. Fumbo hilo halina hata njia mbadala ya sauti.

5. Ramani ya miradi inatumika kwa kuvuta kwa kipanya au kidole tu. Asiyeweza kutumia mikono vizuri, anayetegemea kibodi au kifaa cha kubonyeza, haipati. Tena miradi iliyokamilika na iliyokwama imetofautishwa kwa kijani na nyekundu pekee, rangi ambazo baadhi ya wanaume hawazitofautishi. Orodha ya kawaida ya miradi chini ya ramani ingemaliza maneno.

6. Maandishi meupe juu ya picha ya mchanga wa Shela. Miongozo inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Wazee wenye mtoto wa jicho wananiambia hawaoni kitu, na wenye macho mazima wakiwa botini juani pia hawaoni.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu nimewahi kuambiwa mapokezi kwamba mambo haya ni mazuri na "yatafikiriwa nafasi ikipatikana". Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na taarifa, na haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kifungu cha 7 kinaiagiza Serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, breli na teknolojia za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinautaja mtandao wa intaneti waziwazi. Kwa mujibu wa Katiba yetu, mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imebadilishwa na sheria mpya ya 2025, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kuwa tunaokota karatasi za zamani. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo inaitaka ofisi ya umma, inapotoa taarifa, izingatie haja ya kuwafikia watu wenye ulemavu, lugha ya wenyeji na njia inayofaa mahali husika. Kwa upande wa ufundi, Shirika la Viwango la Kenya lina kiwango KS 2952 cha mwaka 2022 kuhusu bidhaa na huduma za teknolojia ya mawasiliano zinazofikiwa na wote. Fundi wenu akisema hajui aanzie wapi, aanzie hapo.

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa mengine nimeshayapokea.

Mtasema sisi ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu nchini, na hesabu hiyo haimtaji bibi anayesoma simu akiwa ameishika mbali kwa mkono ulionyoshwa. Isitoshe, asiyeweza kuifungua tovuti yenu hawezi kuonekana katika takwimu za wanaoitumia, na asiyeweza kupanda boti haonekani mapokezi. Haki yenyewe, hata hivyo, haikuandikwa kwamba itolewe tukifika idadi fulani.

Mtasema ni ghali. Kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney ilisema hivyo hivyo. Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alilalamika kwamba picha za tovuti yao hazikuwa na maelezo na kurasa nyingine hazikufikika. Kamati ikajitetea kuwa marekebisho yangekula fedha nyingi na muda mrefu, ilhali wataalamu walieleza kuwa kazi ni ya wiki chache. Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliamua kwamba amebaguliwa, na baadaye kamati ikaamriwa imlipe dola 20,000 za Australia. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa, na lalamiko lake la tovuti isiyosomeka kwa asiyeona ndilo langu la leo. Kupima nako si ghali. Programu ya kusoma skrini ya NVDA, iliyoanzishwa na Waaustralia wawili wasioona, hutolewa bure, na simu nyingi za Android zina programu kama hiyo, TalkBack, tayari ndani yake. Afisa yeyote anaweza kuiwasha sasa hivi, akafumba macho na kujaribu kujaza fomu ya ofisi yake mwenyewe. Ghali ni kubomoa na kujenga upya baada ya mkandarasi kulipwa, na ndiyo maana ilifaa masharti haya yawekwe kwenye zabuni.

Mtasema mkandarasi ndiye aliyekosea. Huenda. Lakini mimi sina mkataba naye, na anayetoa huduma kwa umma ni ninyi.

Kuna atakayewashauri mbandike kijiprogramu kimoja pembeni mwa ukurasa, kile chenye alama ya mtu aliyenyosha mikono, kinachodai kurekebisha kila kitu kwa siku moja. Tafadhali msipoteze fedha za umma. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa sababu ya madai kwamba kifaa chake kingeifanya tovuti yoyote itimize miongozo ya WCAG. Kijiprogramu hakiwezi kutamka nambari ambayo afisa hakuitamka.

Na jibu ninalolisikia zaidi, linalotolewa kwa upole na kwa nia njema: "Njoo ofisini dada, tutakujazia." Nashukuru. Lakini kujaziwa maana yake ni kumtajia mtu nisiyemwona nambari yangu ya kitambulisho, mapato yangu na hali ya afya yangu, kwa sauti, kwenye foleni, huku nyuma yangu kuna jirani. Kijana wa saiba hufanya vivyo hivyo kwa malipo na hubaki na nenosiri langu. Wenzangu wanaoona hujaza fomu zao wakiwa peke yao usiku, na hiyo ndiyo huduma mliyoitangaza.

Ninachoomba ni hiki. Yapo mambo ya juma moja, na sitaki yafungwe pamoja na yale makubwa ili yote yangoje: video isianze yenyewe, vitufe na visanduku vya fomu vipewe majina, fumbo la picha liondolewe, na hati mpya ziwekwe zikiwa maandishi. Kisha ndani ya miezi mitatu video za matangazo zinazoendelea kutumika ziwekewe maandishi yaliyosahihishwa na mtu na ukalimani wa ishara, na ramani iambatane na orodha. Tovuti nzima ipimwe kwa kiwango cha AA, yaani cha kati katika vitatu, cha WCAG 2.2, toleo lililotoka Oktoba 2023, na wapimaji wawemo watu wenye ulemavu tofauti kutoka visiwani na bara, wakilipwa kama wataalamu wengine wanavyolipwa, si kwa chai na picha ya pamoja. Matokeo ya upimaji huo yawekwe wazi pamoja na jina la cheo cha afisa anayewajibika. Zabuni zijazo za tovuti, programu za simu na video zisifungwe wala malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya upimaji huo kukamilika.

Pamoja na barua hii nimewasilisha ombi rasmi, chini ya Sheria ya Kupata Taarifa, la kuonyeshwa masharti ya zabuni ya tovuti hiyo na ripoti ya kupokelewa kwa kazi, ili ijulikane kama suala la ulemavu liliwahi kutajwa. Sheria inawapa siku 21 za kunijibu. Zikipita kimya, nitalipeleka ombi hilo mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, na malalamiko yaliyobaki kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, nikiambatanisha sauti nilizorekodi za kompyuta yangu ikijaribu kuisoma tovuti yenu.

Kabla ya hapo, niko tayari kukaa na mafundi wenu siku yoyote ya kazi na kompyuta yangu mwenyewe, bila malipo kwa kikao hicho cha kwanza, wasikie ninachokisikia. Jibu lenu naomba mlitume kwa baruapepe likiwa maandishi ya kawaida. Likija kama picha ya karatasi yenye mhuri, sitaweza kulisoma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Langoni, Lamu